Masale Yaliyopanda Mlima

Tangazo! Tangazo kwa viumbe vyote vyenye magoti na visivyo na magoti, vinavyotembea, vinavyotambaa, na vile vinavyokaa tu vikitazama! Mimi, Mbonea, mwana wa Mteremko, Msemaji wa Wasioulizwa, Mkuu wa Vitanda vya Juu katika bweni la wavulana, natangaza mbele ya mbingu na migomba kwamba kuanzia asubuhi hii umbali umefutwa. Hakuna tena karibu, hakuna tena mbali. Asiyeweza kufika atafikiwa. Asiyeweza kushuka atapandiwa. Nimesema, na nikishasema mimi, hata ukungu wa bondeni husimama wima na kupiga—

"Wewe unayetangaza," sauti ya Bibi ikatoka jikoni, "umewafungulia kuku?"

Sikuwa nimewafungulia.

Hivyo ndivyo falsafa inavyokatwa kichwa nyumbani kwetu. Nikashuka kutoka juu ya ndoo niliyokuwa nimeisimamia, nikawafungulia kuku, nao wakatoka mmoja mmoja wakinitazama kama wajumbe wa bodi ya shule.

Nchi yetu inaitwa Mteremko kwa sababu haina kitu kingine cha kuitwa. Jina lake halisi, kama liliwahi kuwapo, lilibiringika zamani likapotelea bondeni. Kila kitu hapa kimeelekea chini. Nyumba ziko juu, bustani ziko chini ya nyumba, chini ya bustani kuna bustani ya mtu mwingine, na chini ya huyo mwingine kuna ukungu ambao bado haujapata mwenyewe. Mtoto anapozaliwa, bustani huwa miguuni pake. Akianguka kutoka mlangoni anaangukia mchicha. Lakini mtu anapozeeka ardhi huanza kujinyoosha, kama donge la chapati linavyosukumwa. Mwalimu wetu wa jiografia alidai kwamba ardhi haijinyooshi, ni watu wanaochoka. Mwalimu wetu wa jiografia alidai mambo mengi. Mimi nimeona kwa macho yangu: mwaka hadi mwaka, mchicha uliokuwa nje ya mlango unakuwa matembezi, matembezi yanakuwa safari, na safari inakuwa habari unayosimuliwa na wengine ukiwa umekaa kitini, umefunikwa blanketi.

Nilikuwa nimerudi kwa likizo kutoka shule ya bweni, mahali ambapo kundi zima la wavulana huota ndoto moja ya maharage. Likizo yenyewe sikumbuki ilianza lini, wala sina hakika kama imekwisha. Huku wakati nao umeelekea chini. Kuna asubuhi ninaamka nikiwa mdogo wa kufungwa vifungo na wakubwa, na ikifika saa ya chai nina ndevu nyeupe zinazoingia kikombeni. Siku hizo Bibi huniambia ninyoe. Siku nyingine huniambia nikanawe makamasi. Hajawahi kukosea mimi ni yupi.

Bibi Nakiete ni mama yake baba, na kwa desturi yetu ni mke wangu. Msomaji wa mbali asishtuke. Mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, na utani huo una sheria kali kuliko za bweni. Mume anaruhusiwa kumfichia mke kiatu, kumwambia kwamba uji wake umepikwa kwa miguu, na kutishia kuoa mwingine mwenye meno. Mke anaruhusiwa kumwambia mume kwamba wanaume wenzake wana mashamba na yeye ana chunusi. Kisichoruhusiwa ni kimoja tu, nacho ni kuoneana huruma. Huruma ni ya wageni, wanaokuja na sukari, wanakaa kidogo, wanatikisa kichwa, wanaondoka.

Tangu aolewe, Bibi alishuka kila asubuhi mpaka mwisho wa bustani yake. Alitoka mlangoni, akaupita mchicha, akausalimu mnavu, akagombana na figili, ambazo kwa maoni yake zina kiburi, akapenya kati ya migomba, akavuka mfereji wa maji unaopita katikati ya magimbi, na ng'ambo tu ya mfereji akafika kwenye masale. Isale ni mmea wa majani marefu membamba. Halina tunda. Haliliwi hata na mbuzi mwenye shida. Kazi yake ni kusimama. Linaposimama isale ndipo shamba la mtu linapokoma, na hapa kwetu hakuna karatasi inayoweza kubishana nalo. Ukiuliza litampata nini mtu atakayeling'oa, wazee huanza sentensi na hawaimalizi.

Bibi alikuwa akiligusa isale la mwisho kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto, halafu anasema, "Hapa ndipo ninapoishia." Kisha anapanda kurudi nyumbani akiwa mzima, kama mtu aliyehesabiwa na hakupungua.

Nimeifikiria sana sentensi hiyo, hasa wakati wa hisabati. Mtu anaishia wapi? Kitabu cha biolojia kinasema kwenye ngozi. Kiranja wa bweni anasema kwenye mstari wa kitanda chako, na ukitoa mguu nje ya mstari huo, mguu ni wa shule. Mchungaji anasema mtu haishii, lakini husema hivyo akiwa mazikoni, mahali ambapo ushahidi haupo upande wake. Bibi peke yake ndiye niliyemwona akienda kila siku mpaka kwenye mwisho wake kwa miguu yake, akiugusa, akiridhika kwamba bado uko mbali na nyumba. Na mimi, niliyekuwa nikimfuata nyuma na kikapu, nilijifunza kwamba huenda mtu si mwili. Huenda mtu ni ule upana wote kati ya mlango wake na mahali anapoweza kufika asubuhi.

Likizo hiyo upana ulianza kupungua.

Siku moja alifika kwenye migomba akakaa juu ya jiwe. Hakushuka. Hakupanda. Alikaa tu, mkono mmoja juu ya kila goti, kama mama aliyewashika watoto wawili watukutu kanisani. Mimi nilisimama na kikapu, nikijifanya ninachunguza mdudu.

"Mke wangu," nikasema, "nikuletee bustani mlangoni? Tunajaza udongo kwenye magunia, unapanda mchicha ukiwa umesimama wima kama mkaguzi."

"Magunia? Mimi ni panya wa ghalani?"

"Basi nikurefushie mpini wa jembe, usiwe unainama."

"Nizungumze na udongo kwa kipaza sauti?"

"Nifunge kamba kutoka mlangoni hadi huku, uwe unaishika."

"Kamba ni ya ndama. Mume gani huyu? Wenzako wanawatafutia wake zao vitenge, wewe unanitafutia kamba." Alicheka, kisha akaacha kucheka kabla kicheko hakijaisha. "Nisikilize, Mbonea. Siku nikishindwa kuligusa isale, usinitolee tena kiti nje. Nitakaa ndani, nitazame ukuta. Bustani usiyoufikia mwisho wake ni picha, na mimi sipendi picha."

Aliniita kwa jina langu. Mke hamwiti mumewe kwa jina ila kuna msiba.

Ndipo nikapata wazo. Mwalimu wa zamu aliwahi kusema mbele ya paredi kwamba mawazo yangu yangepaswa kutembea na askari. Lakini askari hakuwapo. Bibi alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana, jua limesimama, kuku wamejifukia vumbini, na Mteremko wote ulikuwa umeinamisha uso. Nikachukua jembe, nikashuka mpaka kwenye masale.

Sikiliza, msomaji, maana sitalisema jambo hili mara mbili kwa fahari. Niliyachimbua masale. Niliyachimbua yote, safu nzima, moja baada ya jingine, nikayapandisha mlimani na kuyapanda upya chini kidogo tu ya figili. Mizizi yake ilikuwa mirefu kama hotuba za mahafali, niliikata. Jiwe la kupumzikia nililibiringisha juu. Migomba niliiambia isogee, nayo ikasogea, kwa sababu migomba ni watu wa kuyumbishwa. Magimbi nayo yalikubali kuhama, yakinung'unika. Mfereji peke yake ndio uliokataa. Niliuamuru kwa sauti ya gwaride, nikauomba, nikaupiga teke. Maji yakaendelea kushuka kama yaliyosoma shule nyingine. Nikayaacha pale yalipokuwa, chini, nje ya mpaka mpya, na nikapanga magimbi mbele ya masale, majani yake yakiifunika ardhi, ili jicho lisiulize na mguu udhani umeshavuka maji.

Asubuhi iliyofuata Bibi akatoka. Akaupita mchicha. Akausalimu mnavu. Akazigombeza figili. Akapenya kati ya migomba iliyokuwa ikijikausha kama wanafunzi waliotoroka. Na hapo hapo, kabla pumzi haijamwishia, kiganja chake kikaligusa isale.

Akalipapasa mpaka ncha ya jani.

"Mume wangu," akasema, "magoti yamerudi."

Sijawahi kushinda kikombe chochote. Siku hiyo nilikishika.

*

Goti la kushoto likasema: tumepona.

Goti la kulia likasema: hatujapona, tumefikiwa.

La kushoto likasema: kuna tofauti gani?

La kulia lilikuwa linauma.

*

Siku zilizofuata zilikuwa siku za enzi yangu. Nilitawala. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuona jinsi utawala unavyofanya kazi, nami nakuambia bure: anayetawala si yule anayetembea, ni yule anayepanga mwisho uwe wapi. Bibi alianza kupanda tena. Alipanda giligilani, akapanda vitunguu, akaimba nyimbo ambazo nilidhani zilizikwa pamoja na Babu. Aliinama kwenye mnavu akiwa mwanamke wa mvi, akainuka akiwa msichana wa misuko mitatu kichwa kizima, akanikazia macho.

"Wewe ni nani?" msichana akauliza.

"Mume wako wa baadaye."

"Mbona una chunusi?"

"Zitaisha tukioana."

"Nitangoja," akasema, akainama tena, akainuka akiwa Bibi, akaniagiza maji. Mambo ya namna hii hutokea Mteremko mahali ambapo mtu anafanya kazi aliyoipenda tangu zamani. Miaka yake yote huja kumsaidia.

Nilijiona mwema. Naliandika neno hilo pole pole ili ulione lilivyo na mafuta. Nilitembea nyuma yake na kikapu, kifua mbele, nikiwaza kwamba wema mkubwa ni ule usiojulikana, na kwamba siku moja utajulikana. Nilikuwa bado nimo katika wazo hilo wakati yeye, kiganja chake kikiwa juu ya isale, aliinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza mvua.

"Ila masikio yamekufa," akasema.

"Yamekufaje?"

"Zamani nikisimama hapa nilikuwa nasikia mfereji. Ulikuwa miguuni pangu, unapiga domo mchana kutwa. Sasa kimya." Akajigonga sikio kwa kidole. "Basi. Mungu amenipa miguu, amechukua masikio. Si vibaya. Habari za watu wa hapa nimeshazisikia zote."

Hapo ndipo mtu mzuri angesema. Mimi niliwaza: akijua kwamba anasikia, atajua kwamba mfereji uko mbali, akijua kwamba mfereji uko mbali, atajua kwamba masale yamehama, na akijua hivyo, ataingia ndani atazame ukuta. Kwa hiyo ilinipasa kuyatunza masikio yake yakiwa yamekufa. Nikafungua mdomo, nikachezesha midomo bila kutoa sauti.

"Unasemaje?"

Nikachezesha tena midomo. Nikaongeza mikono.

"Sema kwa sauti, mume wangu."

Nikapaza kidogo: "Nasema vitunguu vimeota vizuri!"

"Aa. Vizuri." Akatabasamu kama mtu anayeikubali hasara.

Mkono unaoandika haya unaona haya. Uongo wa kwanza ulimpa magoti. Wa pili ulimnyang'anya masikio. Nilifanya hivyo kila siku, nikinong'ona upepo mtupu mezani, mlangoni, bustanini, naye akazoea kunitazama midomo kwa makini, uso wake umeelekea kwangu kama alizeti.

*

Maharage ndiyo yaliyonishtua.

Nilikuwa nimeshuka kuchota maji kwenye mfereji, ule uliobaki nje ya mpaka, nikakuta ukingo wake wote umeota maharage machanga, mistari iliyonyooka, majani mawili mawili kama viganja vinavyoomba. Hatukuwa tumepanda maharage. Katikati yake, juu ya kigoda, alikaa jirani yetu wa chini, Mzee Kiangi, mtu mpole mwenye kofia ya sufu aliyoivaa tangu kabla ya kichwa chake, akiyalinda dhidi ya tumbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu. Umeona mambo?"

"Mambo gani?"

"Asubuhi moja niliamka nikakuta masale ya bibi yako yamepanda mlima. Nikasema, labda yamekwenda kusalimia, yatarudi. Nikangoja. Hayakurudi." Akaisogeza kofia mbele. "Ardhi iliyo chini ya masale yake ni yangu, unajua hivyo. Na ardhi isiyolimwa ni aibu kwa mwenyewe. Nikapanda maharage. Isale likiniita, nisiitike?"

"Lakini mzee, hapa ni kwa Bibi. Huu mfereji ni wake."

"Nami nilidhani hivyo. Ndiyo maana nimemwita mwenyekiti. Sitaki isemwe nimemdhulumu mjane. Mama Nakiete aseme kwa kinywa chake mbele ya watu. Akisema mpaka umehama, nang'oa maharage yangu nakwenda. Akisema haukuhama, basi, mfereji na ukingo wake ni wangu, na tusisikie tena neno."

Nilipanda mlima nikiwa na ndoo tupu. Nimesema kwamba katika Mteremko ardhi huwanyooshea wazee. Siku hiyo ilininyooshea mimi. Nilikuwa mzee kuliko Kiangi nilipofika juu. Niliona wazi nilichokifanya: nilidhani ninahamisha umbali, kumbe nilikuwa ninahamisha mpaka, na mpaka haujui nia ya mtu. Nikisema, mfereji unapona na magoti yanakufa. Nikinyamaza, magoti yanaishi na mfereji unakwenda, na bustani bila mfereji, ikija kiangazi, ni vumbi lenye majina ya mboga. Mchana ule ule Bibi alipolala nilichukua jembe niyarudishe masale. Nikachimbua moja, nikasimama nalo mkononi. Chini Mzee Kiangi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, akanipungia mkono kwa upole. Nikalipanda tena pale pale.

Mwenyekiti alifika asubuhi. Aliitwa Ndekirwa, mwanamke mnene mwenye mabuti ya mvua na mafua ya kudumu, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulisimama kwenye masale: yeye, Mzee Kiangi, Bibi, na mimi nyuma na kikapu, kwa sababu sikujua niuweke wapi mwili wangu bila kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Paza sauti, mwanangu, masikio yangu yameshatangulia."

"SWALI NI MOJA TU, MAMA. MASALE HAYA NDIYO MPAKA?"

"Ndiyo."

"HAYAJAHAMISHWA?"

"Na nani?" Bibi akacheka. Aliweka kiganja chake pale juu ya isale, na sauti yake ikanyooka. "Mimi ninayagusa haya kila asubuhi tangu nilipoletwa hapa kama bibi harusi. Miguu yangu ndiyo kamba ya kupimia. Yangesogea hata upana wa jembe, magoti yangeniambia."

Mzee Kiangi akavua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake. "Kwa hiyo kilicho chini ni changu, mama?" akauliza, naye kwa sauti ya juu.

"Ni chako tangu enzi za baba yako. Umekuja kuniuliza habari za kale?"

"Hata mfereji?"

"Mfereji ni wangu."

"Mfereji uko chini, mama. Chini ya masale."

"Umepandwa na wazimu, Kiangi? Mfereji unapita kwenye magimbi, na magimbi ni haya hapa."

Mwenyekiti akatazama magimbi. Akamtazama Kiangi. Akageuza uso pembeni na kunong'ona, chini kuliko jani linavyoanguka: "Maskini, akili nayo imeanza kuteremka. Ameshasema. Tumwache, asije akaumia."

"Akili yangu iko juu, Ndekirwa," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyekupokea ulipozaliwa, una kichwa kama gimbi. Hata siku hiyo ulipiga kelele kuliko—"

Akanyamaza.

Kuku waliokuwa wakiparua pale walinyamaza pia. Katika Mteremko kuna nyakati ambapo siku hukaa chini ikapumzika, nayo ilikaa.

"Nimesikia," Bibi akasema.

Mwenyekiti akapangusa pua.

"Nimesikia mnong'ono wa mtu mwenye mafua." Aliinamisha kichwa, akasikiliza udongo kwa muda mrefu. Akasikiliza upande wa kushoto. Akasikiliza upande wa kulia. "Sasa mbona sisikii maji?" Kisha akageuka, pole pole, akanitazama mimi. "Mume wangu. Mbona sisikii maji?"

Nilikuwa nimetunga majibu mengi. Nilifungua mdomo kuyatoa, na mdomo wangu, uliofunzwa na siku zote zile, ukacheza bila sauti. Midomo ikapanda, ikashuka, mikono ikaongezeka. Hewa tupu.

"Huyu mbona anatafuna upepo?" Mwenyekiti akauliza.

Bibi alikunja vidole kuzunguka isale, akavuta. Halikubisha. Lilitoka kama mtu anayeamshwa kutoka usingizi mwepesi, na chini yake ilining'inia mizizi midogo, myeupe, michanga kama ya mche wa juzi, karibu na alama ya jembe mahali ile ya zamani ilipokatwa. Alininyooshea. Nikalipokea kwa mikono miwili. Kwetu anayeomba msamaha huja na jani moja la isale mkononi, naye aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa. Mimi nilikuwa nimeshika mmea mzima, na udongo wake ukidondokea viatu vyangu vya shule.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikaanza, "kwa heshima na taadhima, na kwa kuzingatia mazingira yaliyokuwapo—"

"Hapana," Bibi akasema. "Usimwambie yeye. Niambie mimi, na useme kama mume."

"Niliyahamisha."

"Yote?"

"Yote. Na jiwe. Na magimbi. Mfereji ulikataa."

"Mfereji una akili." Sauti yake ilikuwa tambarare, kitu kisichokuwapo nchini kwetu. "Na masikio yangu?"

"Mazima. Nilikuwa sitoi sauti."

Mzee Kiangi akavaa kofia yake, akaivuta hadi kwenye nyusi, kama mtu anayefunga dirisha la jirani.

"Kwa nini?"

"Nilitaka ufurahi."

"Hiyo umeiandaa. Niambie ile nyingine."

Nyingine ilikuwa chini sana, nami sikutaka kushuka. "Ulikaa kwenye jiwe," nikasema. "Siku ile. Hukwenda mbele, hukurudi nyuma. Nikaona nitarudi shule, na wewe utakuwa umekaa pale, na siku moja nitakuja na jiwe litakuwa tupu. Sikuweza kulitazama. Niliyahamisha ili mimi nisilione. Wewe nilikupa magoti ya uongo, mimi nikapata usingizi."

Mwenyekiti akapenga mafua, ingawa sidhani kwamba yalikuwa mafua. Akasema kwamba kwa kadiri alivyoona mpaka ulihamishwa na mtoto asiye na shamba, na kwa hiyo haukuhama. Masale yarudi kwenye mashimo yake, Mzee Kiangi avune maharage yake yakikomaa, na kesi imekwisha. Mzee Kiangi akasema maharage watagawana. Wakaondoka wakishuka, wakiongea kwa sauti kubwa mno juu ya mvua.

Tukabaki wawili.

"Masale yana mashimo yake," Bibi akasema. "Yanayangoja huko chini. Na mimi je? Mimi unanirudisha wapi?"

"Sijui, Bibi."

"Bibi?"

"Sijui, mke wangu."

Alitazama chini ya mteremko, kule ambako mfereji ulikuwa ukisema na sisi hatuusikii. Nilidhani atageuka kuelekea mlangoni. Nilikuwa tayari kumpisha. Badala yake alinishika bega, akaniegemea kwa uzito wake wote, akajishusha, kidogo kidogo, akitukana kila goti kwa jina lake, mpaka akakaa kwenye udongo katikati ya miche, miguu imenyooshwa mbele, viatu vikitazama mbingu. Akanyoosha mkono kushoto mpaka ulipoweza kufika. Akanyoosha kulia. Akachora kwa kidole duara lililomzunguka.

"Leo ninaishia hapa," akasema. "Kesho utanikalisha mahali pengine. Keshokutwa pengine tena, mpaka tufike kwenye maji. Na usinibebe. Kaa."

Nikakaa.

"Haya, endelea kuungama, na mikono ifanye kazi. Magugu hayana huruma."

Nikaendelea. Nilimweleza jinsi nilivyoupiga mfereji teke, na jinsi nilivyojiona mwema, na nilivyopungiwa mkono na Mzee Kiangi. Alisikiliza kila neno bila kunitazama midomo, akipalilia duara lake, akivuta gugu na kulitikisa udongo. Nilikuwa nimezama katika kuungama kwangu, nikiling'oa na mimi langu, nikiling'oa jingine, mpaka harufu kali ikanijia puani, nikatazama kiganja, nikaona kwamba nilichokuwa naking'oa muda wote ule si magugu, ni giligilani aliyoipanda mwenyewe.

Nikalificha fungu lile nyuma ya mgongo.

"Nimesikia harufu," akasema.

Nikaungama na hilo.